SOMO LA UFUNDI: Kubadilisha Bodi Kuu ya Mashine Ndogo ya Leza



Kamati imeniomba niandike kuhusu mashine ya leza ya jumuiya yetu, ile iliyopo chumba cha chini katika nyumba wanayopanga wenzetu kule Hyattsville. Kazi zake wengi mmeziona: vibao vya mbao vyenye majina ya nchi mezani siku ya Usiku wa Utamaduni, hereni za umbo la Afrika, vishikio vya funguo. Wengi pia mmesikia kwamba mashine "imefanyiwa opareshini". Ni kweli. Tumetoa bodi yake ya asili tukaweka nyingine, na tangu siku hiyo maswali hayaishi. Inagharimu kiasi gani? Si hatari? Na mimi naweza kuifanyia ya kwangu? Nasikia wanachama wawili wameshanunua mashine kama hiyo, kwa hiyo afadhali tufundishane mapema kabla mtu hajafungua kifuniko kwa pupa.

Tuanze na mashine yenyewe. Hii ni ile inayojulikana duniani kote kama K40. Inatengenezwa China, inauzwa kwenye mtandao kwa yapata dola 400 za Marekani, na ile 40 ni wati 40 za nguvu ya leza, walau kwa maneno ya wauzaji. Ndani yake kuna bomba la kioo lenye urefu wa sentimita 70 hivi, limejazwa mchanganyiko wa gesi ambao muhimu wake ni kaboni dayoksaidi. Leza ya aina hii aliigundua Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India, mwaka 1964 akiwa Bell Labs hapa Marekani. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, maana yake jicho la binadamu haliuoni kabisa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwanga ukitoka kwenye bomba unagonga vioo vitatu, unapita kwenye lenzi, kisha unashuka kwenye mbao au plastiki iliyolazwa chini. Kichwa chenye lenzi kinasukumwa na mota mbili: moja kwenda kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, kwenye eneo la milimita 300 kwa 200. Pembeni, upande wa kulia chini ya kifuniko cha bati, kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: pawasaplai na bodi kuu. Pawasaplai ndiyo inayolipa bomba umeme mkubwa. Bodi kuu ni kijisahani cha saketi, kidogo kuliko kiganja cha mkono, na kazi zake ni tatu tu: kupokea maagizo kutoka kwenye kompyuta, kuzungusha mota, na kuiambia pawasaplai "washa" au "zima".

Sasa kiini cha shida ni hayo maneno mawili, washa na zima. Bodi ambayo K40 nyingi zilikuja nayo miaka ya mwisho ya 2010, inayoitwa M2 Nano, haijui neno la tatu. Haiwezi kusema "washa kidogo". Nguvu ya leza unaipanga wewe mwenyewe kwa mkono, kwa kuzungusha kitufe cha juu ya mashine au kubonyeza namba, na nguvu hiyo inabaki hiyo hiyo mpaka uibadilishe. Vilevile bodi hiyo ina lugha yake pekee. Programu iliyokuja nayo ilitaka kifaa kidogo mfano wa fleshi kichomekwe kwenye kompyuta, kama ufunguo. Kisipokuwepo, programu haifanyi kazi.

Hapo ndipo sisi tulipopata taabu ya kwanza. Kaka aliyekuwa akiitunza mashine alihitimu, akarudi kwao Mwanza, na ile fleshi ikasafiri naye ndani ya begi la kompyuta. Jamani, mashine nzima ikakaa kimya kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba! Watu wakaanza kuchanga pesa za bodi mpya.

Lakini subiri kwanza. Kama shida yako ni hiyo ya fleshi peke yake, usinunue kitu. Tangu mwaka 2017 ipo programu ya bure inaitwa K40 Whisperer, kazi ya mtu anayetumia jina la Scorch Works. Inaongea na M2 Nano moja kwa moja na haihitaji ufunguo wowote. Ipo pia MeerK40t, nayo ni bure. Kwenye Windows utalazimika kubadilisha draiva ya USB kwanza, maelezo yake yanakuja na programu, na kazi imekwisha. Sisi tulikaa na Whisperer mwaka mzima bila kutumia hata senti ya mfuko wa jumuiya, na ninaisifu mpaka leo.

Kilichotusukuma kubadilisha bodi ni kazi moja mahususi. Familia moja ya Silver Spring ilifiwa na mama, wakatuomba vibao vidogo 60 vya kugawa kwa wageni siku ya arobaini: jina la marehemu na tarehe zake vichorwe juu ya mbao, kisha kila kibao kikatwe kwa umbo la jani la mnazi. Kuchora kunataka nguvu ndogo. Kukata kunataka nguvu kubwa. Kwa bodi ya zamani ina maana mtu asimame hapo, mashine imalize kuchora, yeye azungushe kitufe, ndipo ikate. Halafu akirudishe kitufe kwa kibao kinachofuata. Mara 60. Ukisahau mara moja tu, jina la marehemu linachorwa kwa nguvu ya kukatia, herufi zinatoboka, kibao kinatupwa. Na msiba wa watu si mahali pa kupeleka kibao kilichoungua ukasema "samahani, mashine".

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa bodi hawalisemi kwa sauti. Wengi hununua bodi mpya wakidhani ndiyo itakayowapa picha za watu zenye vivuli vizuri. Picha unaweza kuzichora hata kwa bodi ya zamani, kwa kuzigeuza kuwa vidoti vingi vidogo kama picha za gazeti. Na juu ya mbao vidoti mara nyingi hupendeza kuliko vivuli halisi. Faida kubwa ni nyingine. Kwanza, faili moja linaweza kubeba nguvu mbili tatu tofauti na mashine ikazifuata yenyewe. Pili, pembe. Kichwa cha leza kikifika kwenye kona lazima kipunguze mwendo, kama gari. Nguvu ikibaki ile ile wakati mwendo umepungua, kona inaungua na kuwa nyeusi. Bodi mpya inapunguza nguvu sambamba na mwendo, na kona inatoka safi. Tatu, unaweza kutumia LightBurn, programu ya kulipia ambayo mafundi wengi wa leza wameizoea, inafanya kazi kwenye Windows na Mac, ila haiongei na M2 Nano.

Bodi mbadala ni nyingi. Iliyopata jina sana miaka hiyo ya mwisho ya 2010 ni Cohesion3D, kwa kuwa ilitengenezwa makusudi iingie kwenye K40 na soketi zilezile. Nyingi kati ya nyinginezo zinaendeshwa na Grbl, programu ya ndani ya bodi iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway na baadaye ikaendelezwa na Sungeun Jeon. Ni ya bure, kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Toleo lake la 1.1 ndilo lililoleta ile hali ya leza yenye kupunguza nguvu kwenye kona. Bei ya bodi ni kati ya dola 100 na 200 hivi. Kabla hujalipa, angalia picha ya soketi zake ulinganishe na nyaya za mashine yako, maana K40 si zote ni sawa: baadhi zina utepe mpana mweupe wa nyaya unaokwenda kwenye mota ya kushoto-kulia na swichi za ukomo, na baadhi hazina utepe, zina plagi za kawaida.

Je, bodi ndiyo mgonjwa?

Wapo wanaotaka kubadilisha bodi kwa sababu mashine imekufa. Nawaomba sana msome sehemu hii mara mbili, maana bodi husingiziwa mno.

Dalili ya kwanza: mashine kimya kabisa, hakuna taa kwenye bodi. Bodi haina umeme wake yenyewe. Inalishwa na pawasaplai kwa plagi ya pini nne ambayo huandikwa 24V, G, 5V na L. Chukua mita, pima upande wa bodi, kati ya 24V na G, kisha kati ya 5V na G. Kama volti hazipo, bodi haina kosa. Tafuta fyuzi, swichi, au pawasaplai yenyewe. Ukiweka bodi mpya hapo nayo itakaa kimya vilevile, na dola zako 150 zimekwenda na maji.

Dalili ya pili: kichwa kinatembea vizuri lakini leza haiwaki. Funga kifuniko, hakikisha maji yanazunguka, bonyeza kitufe cha majaribio kilichopo juu ya mashine kwa nukta moja. Leza ikiwaka, bomba na pawasaplai ni wazima, na hapo una haki ya kushuku bodi au waya wa L. Isipowaka, ugonjwa uko upande wa bomba, pawasaplai, au swichi za usalama, na bodi haihusiki.

Dalili ya tatu: kichwa kinatetemeka mahali pamoja badala ya kwenda. Zima, kisukume kwa mkono uone kama kinateleza. Mara nyingi ni plagi iliyolegea, utepe ulioingia upande, au mkanda uliolegea. Mashine hizi husafiri mwezi mzima baharini kabla ya kukufikia. Si ajabu vitu kulegea.

Dalili ya nne: mashine inasimama katikati ya kazi, kompyuta inasema imepoteza mawasiliano. Badilisha waya wa USB kwanza, chukua mfupi na mnene. Halafu kagua waya wa ardhi, ambao nitaueleza sasa hivi.

Na kama unahitaji kukata kitu mara mbili kwa mwaka, kusema kweli huhitaji mashine yako. Maktaba kuu ya Martin Luther King Jr. mjini, ile ya mtaa wa G iliyofunguliwa upya mwaka 2020 baada ya ukarabati, ina karakana kwa ajili ya wananchi. Huko Virginia kuna Nova Labs, ambako unalipa uanachama. Zamani kulikuwa na TechShop pale Crystal City, Arlington, karakana kubwa ya kulipia kwa mwezi. Kampuni hiyo ilifilisika mwezi Novemba 2017 na milango ikafungwa nchi nzima. Mimi naamini K40 nyingi zilizomo kwenye vyumba vya chini vya eneo hili zilinunuliwa na watu walioachwa hivyo, bila pa kwenda.

Kinachoweza kukuua hakipo kwenye bodi

Bodi ina volti 24. Hazikudhuru. Lakini bodi inakaa jirani na pawasaplai, na pawasaplai inatoa maelfu ya volti, hadi kufikia 20,000 hivi, kupitia waya mnene mwekundu unaokwenda nyuma kwenye ncha ya bomba. Huo waya haumhusu mtu anayebadilisha bodi. Usiufungue, usiusogeze, usiushike kuona kama una joto. Ndani ya pawasaplai mna kapasita ambazo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Kwa hiyo kuzima swichi hakutoshi: chomoa plagi, iweke mahali unapoiona kwa macho, kisha subiri. Mimi husubiri nusu saa, nanywa chai. Na usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Siku yetu dada mmoja anayesoma uhandisi wa umeme alikaa kwenye kiti bila kufanya kitu kingine ila kunitazama mikono. Nilipotaka kusogeza waya mmoja "kidogo tu", akaniambia, "Kaka, huo haumo kwenye orodha yetu ya leo." Mtu wa namna hiyo ni bora kuliko glavu.

Waya wa ardhi. Mashine ina plagi ya pini tatu, na pini ya tatu ndiyo roho yako. Pima kwa mita, plagi ikiwa imechomolewa: ncha moja kwenye pini ya ardhi, nyingine kwenye bati la mashine mahali pasipo na rangi. Usomaji uwe chini ya omu moja. Mara nyingi kiwandani hufunga waya huo juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, funga upya na uikaze nati. Halafu angalia ukutani. Nyumba nyingi za zamani hapa Washington na vitongoji vyake bado zina soketi za matundu mawili, na watu hununua adapta ya dola mbili ili pini ya tatu iingie. Adapta hiyo imekudanganya, ardhi haipo. Katika nyumba ya namna hiyo mashine hii isiwashwe mpaka fundi umeme aweke soketi ya kweli.

Macho. Mwanga hauonekani, nimeshasema. Unaopotea ukaruka nje hutausikia mpaka uwe umeunguza konea ya jicho lako. Kile kioo cha plastiki cha akriliki kwenye kifuniko kinauzuia mwanga wa mikromita 10.6, kwa hiyo kifuniko kikifungwa uko salama; shida ni kwamba K40 nyingi huwaka hata kifuniko kikiwa wazi. Wakati bodi iko nje, ongeza swichi ya kifuniko kwenye mstari ule ule wa swichi ya ulinzi wa maji. Ni dola tano, na mimi nisingekubali bodi mpya iwekwe bila hiyo.

Na moshi utoke nje kwa bomba kupitia dirishani. Usikate kabisa plastiki ya PVC, kwa mfano ngozi bandia za bei rahisi: hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayounguza mapafu na kula chuma cha mashine.

Kazi yenyewe

Piga picha kwanza. Picha nyingi, kwa simu, kutoka kila upande, kabla ya kugusa plagi hata moja. Bandika selotepu ya karatasi kwenye kila waya na uandike: mota ya mbele-nyuma, umeme, utepe. Utepe una upande mmoja wenye shaba inayoonekana. Andika unatazama wapi. Uvute wima taratibu, usiupinde. Plagi zishike kwa kichwa, si kwa nyaya. Fungua skrubu nne, toa bodi, weka mpya, rudisha nyaya kwa kufuata picha. Hii ndiyo sehemu watu wanayoiogopa, na kwa kweli inachukua muda mfupi kuliko kusubiri ile nusu saa.

Onyo moja tu: kamwe usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati bodi ina umeme. Draiva za mota huungua papo hapo.

Sasa waya unaotaka akili ni L. Pawasaplai inawasha leza pale L inapounganishwa na G. Kwa maneno mengine L ikikaa yenyewe ina volti 5 hivi na leza imezima. Ikivutwa chini kufika 0, leza inawaka. Kinyume na vile mtu anavyodhani. Bodi isiyotengenezwa kwa ajili ya K40 inaweza kuvuta L chini wakati inaamka, na leza ikawaka hata kabla hujatoa amri. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusu leza, acha kitufe cha kuruhusu leza kikiwa kimezimwa, washa mashine, weka mita kati ya L na G upande wa bodi, tazama: bodi inapoamka, namba isishuke. Izime na kuiwasha mara tano. Ikishuka hata mara moja, simama hapo, usiendelee.

Ile nguvu ya "kidogo" bodi mpya inaipata kwa kuivuta L na kuiachia haraka sana, maelfu ya mara kwa nukta. Ikikaa chini nusu ya muda, unapata kama nusu ya nguvu. Kuna shule mbili hapa. Wengine hung'oa kile kitufe cha kuzungusha na kuiachia bodi madaraka yote kupitia pini inayoandikwa IN. Sisi tumekiacha. Kitufe kinaweka kikomo cha juu kwa mkono wa binadamu, bodi inacheza chini ya kikomo hicho. Bomba la K40 halipendi kuzidishiwa miliampia 15 hivi. Ukilisukuma zaidi linakata haraka lakini linazeeka haraka vilevile. Kitufe kikikaa kwenye miliampia 15, hata mtu akiandika asilimia 100 kwenye kompyuta kwa haraka ya mtihani, bomba letu liko salama. Mashine ya watu wengi inahitaji kikomo ambacho programu haiwezi kukivuka.

Kwenye kompyuta, iambie programu eneo ni milimita 300 kwa 200, na nyumbani kwa kichwa ni kona ya nyuma kushoto. Kwa Grbl hakikisha hali ya leza imewashwa, ni mstari unaosomeka $32=1. Agiza kichwa kisogee milimita kumi kulia, mkono ukiwa tayari kwenye swichi. Kikienda kushoto badala ya kulia, geuza mwelekeo kwenye mipangilio, hakuna kilichoharibika.

Baada ya hapo ni vipimo. Bandika karatasi, chora mstari wa milimita 100, upime kwa rula ya chuma. Ukitoka 99, chukua idadi ya hatua kwa milimita iliyoandikwa kwenye mipangilio, zidisha kwa 100, gawanya kwa 99. Kama ilikuwa 157.5 inakuwa 159.1. Pima tena. Ukitoka 50 au 200 kamili, usihangaike na hesabu hiyo: draiva imepangwa kugawa hatua kwa namna nyingine, rekebisha kule kwanza. Fanya kwa mota zote mbili.

Mwisho jaribu nguvu: miraba kumi juu ya kipande cha plaiwudi, kuanzia asilimia 10 hadi 100. Usitegemee asilimia 50 iwe nusu ya weusi. Bomba likipewa umeme mdogo mno linasitasita, linawaka na kuzima, na miraba ya kwanza inaweza kutoka mitupu. Kibao hicho cha miraba kitundikwe ukutani karibu na mashine, kitawasaidia wanaokuja.

Vile vibao 60 vilikatwa kwa jioni mbili. Kimoja tu kilitupwa, na hicho mbao yenyewe ilikuwa na fundo.

Mambo mawili ya hali ya hewa ya hapa. Januari maji ya kupozea yakiganda ndani ya bomba, bomba linapasuka, na hakuna bodi itakayokusaidia. Chumba kisicho na joto usiache maji ndani ya mashine. Julai maji yakipanda kupita nyuzi 25 hivi nguvu inashuka, tia chupa za barafu kwenye ndoo. Maji yawe yale yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba.

Wengine mmeuliza kama mashine inaweza kupelekwa nyumbani mtu akihitimu. Bodi haina uraia. Inakula volti 24 na 5 za pawasaplai, haijui kama ukutani kuna volti 120 za Maryland au 230 na zaidi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Mwenye kujali ni pawasaplai, pampu na feni. Soma kibandiko cha pawasaplai: nyingine zina swichi ya 110 na 220, nyingine ni za aina moja tu na itabidi ununue ya huko. Bomba lifungwe peke yake kwenye kisanduku chenye sponji.

Kuhusu bodi yetu ya zamani, ni nzima. Tumeifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na picha za nyaya zilizochapishwa, na mfuko umebandikwa ndani ya mlango wa mashine, upande wa kulia. Atakayetaka kuirudisha atahitaji bisibisi, mtu wa kumtazama mikono, na ile nusu saa ya chai.